Intaneti ya Simu Kwenye Kompyuta kwa Waya wa Chaji

Popote unapotusikiliza, iwe Kakuma au Kalobeyei, Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali ama Mahama, sogeza redio karibu. Kama nyumbani kuna kijana anayesoma, au anayetafuta pa kusoma, mwite aje akae. Mwenye kalamu aishike, kwa sababu leo nitataja maandishi yanayoonekana kwenye skrini, na si rahisi kuyashika yote kwa kuyasikia mara moja. Ninyi mnaosoma kipindi hiki kwenye karatasi mna nafuu, mnaweza kurudi nyuma.

Leo tunazungumza juu ya waya wa kuchajia simu. Wengi wetu tunao, umening'inia kwenye msumari, na tunajua kazi yake moja tu. Lakini waya huo huo unaweza kuchukua intaneti iliyo kwenye simu na kuipeleka kwenye kompyuta, bila modemu na bila fundi wa kulipwa. Ni jambo la dakika tano. Ila kuna kitu kimoja cha kufanya kabla, na mimi nilikijua kwa hasara. Tena hasara yenyewe haikunipata mimi, ilimpata dada mmoja wa bloki yetu.

Dada huyo alikuwa amemaliza kidato cha nne na anaomba ufadhili wa masomo. Fomu ilikuwa ya mtandaoni, yenye kurasa nyingi na insha ndani yake, na siku ya mwisho ilikuwa siku hiyo hiyo, saa sita usiku. Alikuwa amehangaika na simu siku mbili. Kila akifika ukurasa wa tatu, simu inamrudisha mwanzo, na insha aliyoiandika kwa kidole gumba inapotea yote. Tukaazima laptopu ya kikundi cha vijana, iliyokuwa imelala kabatini miezi mingi. Tukachanga watu watatu, tukanunua giga moja ya siku moja. Mimi ndiye niliyejifanya fundi. Nikachomeka waya, nikabonyeza nilichojua kubonyeza, intaneti ikaingia, tukapiga makofi.

Akaanza kujaza. Jina lake, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, namba ya usajili. Aliandika polepole kwa kuwa hakuwa amezoea kibodi, na hakuna aliyemharakisha. Hajamaliza ukurasa wa pili, simu ikalia: bando lako limekwisha.

Nilianza kuilaumu kampuni ya simu. Kumbe haikuwa kampuni. Ilikuwa kompyuta, na kosa lilikuwa langu. Kompyuta iliyokaa miezi bila intaneti ni kama mtu aliyeshinda njaa siku tatu halafu ukamwacha peke yake na sufuria ya ugali. Mara tu ilipoionja intaneti ikaanza kushusha masasisho yote iliyoyakosa, ikasasisha dawa yake ya virusi, ikaanza na kuvuta picha za mtu aliyewahi kuitumia zamani. Sisi tunaangalia fomu, na nyuma ya fomu giga yetu inaliwa. Ilikuwa saa tatu usiku, vibanda vya vocha vimefungwa. Dada yule akakunja karatasi zake akaniambia, "Kaka, asante kwa kujaribu." Akasubiri mwaka mzima.

Kwa hiyo leo nitakueleza jinsi ya kuunganisha, lakini zaidi nitakueleza jinsi ya kuifunga kompyuta mdomo kabla hujaipa chakula.

Labda unajiuliza, kwa nini waya na si hotspoti? Hotspoti ni nzuri, na tunaitumia. Lakini hotspoti inamaliza betri haraka na kuipasha simu joto, na ndani ya nyumba ya mabati saa saba mchana simu tayari imeshapata joto la kutosha. Ukitumia waya, simu inapata chaji wakati huo huo inapofanya kazi. Tena zile kompyuta kubwa za mezani, ambazo vituo vya vijana na shule hupewa, nyingi hazina kifaa cha Wi-Fi ndani, na hotspoti haziioni kabisa. Waya zinauona. Na mwisho, waya una ncha mbili tu. Najua kuna nyumba ambazo nenosiri la hotspoti linajulikana na bloki nzima, mpaka watoto. Kwa waya, mega zako haziwezi kwenda kwa jirani.

Ubaya wake ni huu: chaji inayoingia kwenye simu inatoka kwenye laptopu. Kama laptopu yako inategemea sola, ijaze kwanza mchana, ndipo uanze.

Tuanze na waya wenyewe, kwa maana hapa ndipo wengi wanapokwama na kudhani simu yao ni mbovu. Waya wa kawaida wa USB una nyaya ndogo nne ndani. Mbili zinapitisha umeme, na mbili zinapitisha data. Lakini nyaya nyingi za bei rahisi sokoni zimewekewa zile mbili za umeme tu. Zinachaji vizuri kabisa, na hazitaleta intaneti hata ukizibembeleza. Utaujuaje? Chomeka simu kwenye kompyuta, kisha angalia kompyuta. Waya mzima, kompyuta italia kidogo au kuonyesha kwamba kifaa kimeingia, na simu itatoa taarifa yenye herufi USB. Ikiwa simu inaonyesha chaji tu na kompyuta imekaa kimya, badilisha waya kabla hujabadilisha kitu kingine chochote. Ule uliokuja na simu ndani ya boksi ndio wa kujaribu kwanza. Ukienda kununua, nenda na simu yako, umwombe mwenye duka akujaribishie kwenye kompyuta yake. Akikataa, nenda duka la pili.

Halafu tafuta pa kukaa. Mabati yanazuia mawimbi ya simu, kwa hiyo ndani kabisa ya nyumba mtandao unadhoofika. Kaa karibu na mlango au dirisha, au chini ya mti kama kompyuta ina betri. Simu ndiyo inayotafuta mtandao, si kompyuta. Iweke simu juu, kwenye kona ambayo huwa inashika vizuri, na kompyuta ibaki chini mpaka urefu wa waya unapokubali.

Sasa tunachomeka. Wengi huwasha data kwanza, halafu ndio wanachomeka. Mimi nakuomba uanze kwa kuzima data kwenye simu. Chomeka waya huku data imezimwa. Simu ikikuuliza waya huu ni wa kazi gani, usichague kuhamisha mafaili, maana hatutaki kompyuta ya watu ione picha zako. Iache ilivyo. Ingia kwenye mipangilio, yaani Settings, ile alama ya gurudumu lenye meno. Tafuta sehemu ya mtandao. Simu nyingi zimeiandika "Network & internet", na Samsung wameiandika "Connections". Ndani yake kuna mstari wa hotspot na tethering. Uguse, kisha tafuta "USB tethering". Kitufe chake huwa cha kijivu, hakibonyezeki, mpaka waya uwe umeingia pande zote mbili. Kiwashe. Kama simu yako imewekwa Kiswahili au Kifaransa, maneno yatakuwa mengine, lakini tafuta mstari wenye herufi U, S, B. Hizo hazitafsiriwi.

Geukia kompyuta. Nazungumzia Windows 10 na 11, kwa kuwa ndizo ninazokutana nazo zaidi hapa. Mara ya kwanza itachukua muda mfupi kuitambua simu, usiichomoe. Kisha chini, upande wa kulia karibu na saa, alama ya mtandao itabadilika. Haitakuwa ile ya Wi-Fi yenye mawimbi, na data ikishawashwa itakuwa ya kiskrini kidogo chenye waya. Kompyuta itauita mtandao huo Ethernet.

Tusimame hapo kwenye jina hilo, Ethernet, maana ndipo giga yetu ilipopotelea. Kwa kompyuta, Ethernet ni intaneti ya ofisi, ile inayolipiwa kwa mwezi na haina mwisho. Haijui kwamba nyuma ya waya kuna simu moja yenye bando la siku moja lililochangwa na watu watatu. Ni lazima uiambie. Na ndiyo sababu tumeacha data imezimwa: kompyuta imeuona mtandao, lakini hakuna cha kula bado.

Kwenye kompyuta fungua Settings, ingia "Network & internet", gusa "Ethernet". Kwenye Windows 10 utagusa tena jina la mtandao wenyewe ndipo ukurasa ufunguke. Shuka chini mpaka uone maneno "metered connection". Nitayataja herufi kwa herufi: M, E, T, E, R, E, D. Maana yake ni mtandao wenye mita, kama maji ya kununua kwa kipimo. Kitufe chake kiwashe. Kuanzia hapo kompyuta itasimamisha masasisho mengi na kupunguza inayoyafanya kimyakimya.

Si yote, lakini. Kwa hiyo weka na kufuli la pili: humo humo Settings, ingia "Windows Update", bonyeza "Pause" ili masasisho yalale siku 7. Na kama kuna programu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, OneDrive au nyingine, isimamishe. Masasisho si adui, tafadhali usinielewe vibaya. Ndiyo yanayoikinga kompyuta. Siku ukifika kwenye kituo chenye Wi-Fi ya bure, yaruhusu yashuke mpaka yaishe. Ila yasishuke kwenye bando lako la siku ya kutuma fomu.

Ndipo uwashe data kwenye simu. Ikiwa simu yako ni ya wale wakaidi wasiokubali tethering bila data, basi iwashe, weka ile mita upesi, ndipo uendelee. Na ukishawasha data usifungue chochote. Kaa dakika mbili mikono ikiwa magotini. Kisha angalia salio la bando. Kama mega chache tu zimepungua, endelea na kazi. Kama zimepungua nyingi na hujafungua hata ukurasa mmoja, kuna kitu kinakula. Zima data, tafuta ni programu gani, ifunge, jaribu tena. Mimi dakika hizo mbili siziruki kamwe, hata watu wakinicheka.

Jambo la kukumbuka: mita hiyo umeiweka kwa simu hiyo. Ukichomeka simu ya mwenzako kesho, kompyuta inauona mtandao mpya, na mtandao mpya hauna mita. Kuna simu ambazo hata zenyewe zikichomekwa mara ya pili zinaonekana kama ngeni. Angalia kila mara.

Simu nayo ina kufuli lake, na ninalipenda kwa wale wanaochanga. Kwenye mipangilio ya matumizi ya data unaweza kuweka kikomo, tuseme mega 500. Zikifika, simu inazima data yenyewe. Mkiwa watatu mmechangia giga moja, wa kwanza hawezi kumaliza fungu la wa tatu kwa bahati mbaya. Nimeona urafiki ukiharibika kwa sababu ya video iliyojicheza yenyewe pembeni ya ukurasa.

Mama mmoja aliniuliza sokoni: kazi zote hizi za nini, si nijaze tu kwenye simu? Mama, kwa mambo mengi simu inatosha. Kusoma ujumbe, kumpigia mtu wa nyumbani, simu inatosha. Lakini insha ya kurasa mbili, barua ya kazi, fomu inayokutaka ufungue vyeti vitano na kuvipandisha kimoja kimoja, hiyo ni kazi ya kibodi na skrini pana. Watu wanaoomba DAFI, ule ufadhili wa chuo kikuu unaosimamiwa na UNHCR tangu 1992, au wanaosoma kozi za mbali, wanajua ninachosema.

Na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji intaneti hata kidogo. Hilo nalo tulilikosea usiku ule. Tulilipia intaneti ili mtu afikirie mbele yake. Siku hizi tunafanya hivi: tunaingia kwanza kwa simu, tunasoma fomu yote, tunanakili maswali kwenye daftari. Kisha tunakaa na kompyuta bila intaneti, siku mbili hata tatu, tunaandika majibu, tunayahifadhi. Vyeti tunavipiga picha kwenye mwanga wa asubuhi na kuvipunguza ukubwa, kwa maana picha moja ya simu inaweza kufika mega 3 au 4, na cheti kinasomeka vizuri hata kikiwa chini ya mega moja. Waya unachomekwa mwisho kabisa. Kunakili na kubandika ni dakika chache.

Angalia pia saa ya mwisho imeandikwa kwa saa ya wapi. Kenya, Uganda na Tanzania tuko mbele ya GMT kwa saa 3. Rwanda na Burundi ni saa 2. Fomu ikisema inafungwa saa 17:00 GMT, kwa Kakuma ni saa mbili usiku, na kwa Mahama ni saa moja.

Kuna njia moja ya waya huu ambayo wengi hawaijui. Kama uko kwenye kituo chenye Wi-Fi, na kompyuta ya mezani haina Wi-Fi, unganisha simu na Wi-Fi ya kituo, kisha chomeka waya na uwashe USB tethering kama nilivyoeleza. Simu nyingi za Android zitapitisha ile Wi-Fi kwenye kompyuta, na bando lako halitaguswa. Hakikisha tu data ya simu imezimwa, ili Wi-Fi ikikatika simu isirukie mega zako bila kukuambia. Omba ruhusa ya mwenye kituo kwanza, asije akashangaa.

Wenye iPhone, kwenu kitufe kinaitwa "Personal Hotspot", na simu itawauliza kama mnaiamini kompyuta. Kompyuta ya Windows inahitaji kwanza programu ya Apple. Ifanyeni siku isiyo na haraka.

Tukizungumza juu ya kuamini: ukichomeka simu kwenye kompyuta isiyo yako, simu ikiuliza kuhusu "USB debugging", kataa. Huihitaji kwa kazi hii. Ukimaliza, toka kwenye barua pepe yako, usifunge tu ukurasa. Futa vyeti ulivyovihifadhi humo, na ukavifute pia kwenye pipa la taka la kompyuta. Karatasi yako ya usajili, picha ya familia, namba ya faili lako, hivyo si vitu vya kuachia kwenye kompyuta inayotumiwa na watu arobaini. Na kumbuka kwamba kinachofanyika kupitia laini yako kinahesabika kwako. Mtu akikuomba umchomekee, kaa naye.

Ikikataa kabisa, usivunjike moyo mapema. Chomoa, ingiza tundu lingine la USB, kwa sababu matundu ya mbele ya kompyuta za mezani mara nyingi yamelegea. Zima simu na kuiwasha. Angalia kama kitufe cha tethering kimejizima, kwani waya ukitikisika tu kinajizima. Kama kompyuta inaonyesha imeunganishwa na kurasa hazifunguki, jaribu ukurasa huo huo kwenye simu. Usipofunguka hapo pia, tatizo ni mtandao au bando, usiisumbue kompyuta.

Dada yule alirudi mwaka uliofuata, fomu ileile. Insha ilikuwa tayari, vyeti vimepunguzwa, laptopu imejazwa chaji. Tulichomeka saa nne asubuhi, siku mbili kabla ya mwisho. Nilipomwambia tukae dakika mbili bila kugusa kitu, alikaa akiangalia simu kuliko hata mimi. Bando tulilonunua lilibaki zaidi ya nusu. Ukurasa wa mwisho ulipoandika kwamba maombi yamepokelewa, alinakili namba yake kwenye daftari, mara mbili, kurasa mbili tofauti.

Majibu hayajatoka bado. Yakitoka, na akiniruhusu, nitawaambia hapa hapa. Aliyekwama kwenye hatua yoyote aandike swali lake na aina ya simu yake, alilete kwa mwakilishi wetu wa bloki au atutumie ujumbe, tutalijibu wiki ijayo. Kwaherini.